Sadaka ya Maji Matamu

Damu ya mtoto Idarusi ilitoka ikiwa na rangi ya kahawa.

Dokta Ussi aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa, akangoja damu iwe nyekundu kama damu inavyokuwa ikipata hewa. Haikuwa. Akamwita Shemsa asogee aone mwenyewe. Katika mji mzima wa Ukutani hapakuwa na mwingine ambaye angeelewa anachokitazama, na zaidi ya hapo, daktari hakupenda kubaki peke yake na kichupa kile.

Mtoto alilazwa chali kitandani, midomo imemgeuka kama ya mtu aliyetoka kula zambarau. Alikuwa na miezi minne. Mama yake, Zaituni, alikuwa amemshika mguu mmoja tu, kwa sababu kwingine kote kulikuwa na mirija, na kila daktari alipozungumza yeye aliutazama ule mguu kana kwamba jibu lingetokea huko.

"Ni nitrati," Dokta Ussi alisema kwa sauti ya chini. "Ikiingia kwenye tumbo changa hivi hugeuka, ikaishika damu, damu ikashindwa kubeba hewa. Dawa nimeshamdunga, na inshallah atarudi. Ila wewe niambie imetoka wapi."

Mtoto wa umri ule Ukutani hula vitu viwili: maziwa ya mama yake, ambayo ni machache kwa kuwa mama mwenyewe hanywi maji ya kutosha, na uji mwepesi wa unga wa kijani. Maziwa hayamgeuzi mtoto midomo. Na unga wa kijani ulikuwa kazi ya Shemsa, kama ulivyokuwa kabla yake kazi ya mama yake, Bi Kazija, ambaye walikuwa wamemzika wiki mbili tu zilizopita.

Alimshika Zaituni bega, akamwambia anakwenda kuangalia jambo, atarudi. Zaituni aliitikia kwa kichwa bila kuuacha mguu.

*

Anayefika Ukutani kwa mara ya kwanza huuliza mashamba yako wapi. Hakuna mashamba. Bahari ilipopanda ilikula minazi, ikala mihogo, ikaingia visimani, na watu waliokataa kuhama wakajenga nyumba zao juu ya ukuta ule ule uliowekwa kuizuia. Upande wa ndani, palipokuwa na mpunga, yamechimbwa majaruba ya mwani. Si ule mwani wa kufungwa kwenye kamba, waliokuwa wakiulima bibi zetu maji yakitoka. Huu ni mdogo mno, tone moja lina maelfu, na ukiutazama unaona maji ya kijani basi. Mtambo unaosafisha maji ya bahari huwapa watu maji matamu ya kupimiwa kwa ndoo, na majichumvi yanayobaki huenda majarubani. Maji ya vyoo nayo, yakishachujwa, huenda huko huko, yamejaa nitrojeni. Mgeni akielezwa hapo hukunja uso. Wenyeji humcheka, kisha humkaribisha maandazi ya kijani, na akishakula mawili hakumbuki tena swali lake.

Kazi ya mwani ni kuigeuza ile nitrojeni. Huinywa ikiwa nitrati, kimeng'enya kimoja huivunja, vingine huipokea na kuijenga, na mwisho wake ni protini. Hiyo ndiyo nyama na maharage ya Ukutani. Lakini mwani huu uliundwa na Bi Kazija kwa ajili ya majichumvi mazito, nao una tabia ya mzee aliyezoea kiti chake. Chumvi ikitulia, unafanya kazi. Chumvi ikishuka ghafla, maji huingia kwa nguvu ndani ya seli, seli huvimba, na mwani huacha shughuli zote ili usipasuke. Kimeng'enya huzimika. Mlango wa kuingizia nitrati, hata hivyo, haufungwi, na hiyo ndiyo kasoro ambayo Bi Kazija hakuwahi kuiondoa. Nitrati inaendelea kuingia na kurundikana ndani, mbichi. Ukivuna na kusaga unga wakati huo, rangi ni ile ile, harufu ni ile ile, na mtu mzima akila hadhuriki. Mtoto mchanga ni habari nyingine.

Shemsa aliyajua haya tangu hajui kujifunga kanga. Kwa hiyo alipoupima unga wa watoto maabarani na nitrati ikapanda hadi mwisho wa kipimo, alikwenda moja kwa moja kuangalia chumvi ya Jaruba la Mbegu, dogo kuliko yote, linalotoa unga wa watoto. Kipima-chumvi kilichofungwa sakafuni mwa jaruba kilisema sawa. Akarudi nyuma kuangalia siku za matanga. Kilisema sawa siku zote zile, na yeye mwenyewe alikumbuka kukichungulia kwenye simu, amekaa mkekani na wafiwa wenzake, simu imefichwa chini ya ushungi, kwa sababu hata msiba wa mama haukumwachisha mazoea hayo.

Akaiendea pampu ya majichumvi. Pampu ile hujifungua yenyewe jaruba likipungua chumvi. Siku walipoondoa matanga na kuwasha tena magurudumu ya kukorogea, ilikuwa imevuta kutwa nzima bila kupumzika. Maana yake jaruba lilikuwa limeingiwa na maji matamu mengi kuliko mvua yoyote inavyoweza kuleta, na mvua yenyewe hawajaiona tangu mwaka uanze.

Hapo Shemsa alikaa kwenye ngazi za maabara, akaweka mikono magotini. Alijua maji yale yametoka wapi. Aliyaona yakipita dirishani kwake.

Ukutani mtu akifa, kila nyumba hutoa maji. Si ya kuwapa wafiwa. Mtu hukata sehemu ya maji yake matamu akaenda kuyamimina Jaruba la Mbegu kwa jina la marehemu, kwa kuwa jaruba lile ndilo linaloyapa mbegu mengine yote, na mahali ambapo maji ni ya kupimiwa hakuna sadaka kubwa kuliko hiyo. Kwa heshima ya maiti, magurudumu husimamishwa hadi matanga yaondolewe, mji ukae kimya. Na mavuno ya kwanza baada ya matanga, yale yanayoenguliwa juu juu kabla magurudumu hayajawashwa, ni ya watoto wachanga: kila mama hupewa mfuko mdogo, na yanayobaki hupelekwa jiko la watoto. Wamefanya hivyo kwa kila maiti wao, na haijawahi kudhuru, maana maiti wa kawaida hutolewa maji na watu wa mtaani kwake tu.

Bi Kazija hakuwa maiti wa kawaida. Yeye ndiye aliyewafanya wasihame. Mji mzima ulipanga foleni na ndoo, waliokuwa hoi vitandani wakawatuma jirani zao, na watu wazima na akili zao walilala na kiu kwa ajili yake. Shemsa aliwatazama akalia kwa shukrani. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Yalitanda juu, gurudumu la kuyakoroga limesimama, na mwani, ambao hupanda juu kufuata jua, ukawa umo ndani yake. Kipimo kiko chini sakafuni, kinapima chumvi ambayo hakuna aliyeigusa. Kisha wakaengua lile tabaka la juu na kuwapa watoto.

Na aliyemimina kuliko wote, kila mtu aliona na kulizungumza hilo, alikuwa Zaituni. Wazazi wake walichukuliwa na gharika angali mdogo, Bi Kazija akamlea, akakua akila sahani moja na Shemsa. Siku ya mazishi alikwenda jarubani akarudi, akaenda tena, hadi nyumba yake ikabaki bila tone, na mtoto mgongoni.

*

Sheha Faki, kiongozi wa mji, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloifanya habari hii iwe nzito kuisimulia. Angekuwa mbaya Shemsa asingemsikiliza.

Shemsa alimwekea bilauri mezani, nusu yake majichumvi ya kijani, kisha akamimina maji matamu polepole kupitia mgongo wa kijiko. Maji yakakaa juu, yametengana na ya chini kama mafuta na mchuzi. Sheha akavua miwani, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Shemsa alimweleza yote, naye alielewa upesi kuliko alivyotarajia. Aliuliza kama wako watoto wengine. Wapo wawili, Shemsa alisema, midomo iliwabadilika rangi kidogo na sasa ni wazima. Aliuliza kama jaruba lenyewe limepona. Limepona, chumvi imerudi, mwani unafanya kazi yake. Ubovu uko katika mavuno yale tu. Sheha akashusha pumzi. Basi, akasema, tuuzuie unga huo, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Shemsa akasema lazima watu waambiwe sababu.

"Mwanangu, hebu kaa," sheha alisema. "Watu hawa wamelala na kiu kwa ajili ya mama yako. Leo nishike kipaza sauti niwaambie maji yao yamewadhuru watoto? Nani atampa mwenzake tena hata kikombe? Mji huu haukusimama kwa saruji, umesimama kwa kupeana. Na Zaituni? Mtoto yuko kwenye mirija, wewe umwambie kuwa ni maji aliyoyabeba kwa mkono wake?"

Kwa lile la kwanza Shemsa alikuwa na jibu. Kwa la pili hakuwa nalo. Na lilikuwapo la tatu, ambalo sheha hakulitaja na hakuhitaji kulitaja. Sadaka ile ilikuwa ya mama yake. Kila ndoo ilimiminwa kwa jina la Bi Kazija ili thawabu imfikie alipo, na kwa wiki mbili hizi kitu pekee kilichompa Shemsa usingizi kilikuwa kuziwazia zile ndoo. Akisema anachokijua, kuanzia leo jina la mama yake litatajwa pamoja na sumu. Hakutaka. Ungempa kila hoja ya duniani angekubali, ila moyo wake ulitaka mama aachwe alale.

Shemsa akasema wangoje mpaka arobaini ipite, kisha watu waelezwe polepole, nyumba kwa nyumba.

"Lakini unga unazuiwa leo," alisema.

"Leo hii," sheha alijibu. "Tutasema unakaguliwa."

Shemsa aliichukua bilauri ili akaimwage. Njiani aliona kwamba yale maji yalikuwa yameshachanganyika.

*

Kipaza sauti kilitangaza baada ya sala ya alasiri: jiko la watoto limefungwa, na mwenye mfuko wa unga wa sadaka aurudishe, unakaguliwa. Zaidi ya hapo hakikusema kitu. Watu waliopewa nusu ya habari wakaishona nusu ya pili wenyewe, na haikuwachukua muda. Jiko limefungwa, kwa hiyo kosa liko jikoni. Jikoni yuko nani? Yuko Bi Mkasi.

Bi Mkasi alikuwa amepika uji wa watoto wa Ukutani tangu jiko hilo liwepo. Aliyagombeza masufuria kama watu, aliuonja kila uji kwa ncha ya kidole, na mtoto akikataa kunywa aliona ametukanwa yeye. Watu waliokuwa wakimcheka kwa upendo sasa walikikumbuka kidole. Wakakumbuka pia kwamba aliwahi kuugua ngozi, ingawa kila mtu Ukutani amewahi kuugua ngozi, kwa chumvi ile. Alipokwenda bombani wanawake walisogeza ndoo zao. Mmoja akamwambia achote mwisho, Bi Mkasi akakubali, na zamu yake ilipofika bomba lilikuwa limeshafungwa. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo.

Hapo ndipo alipokuja maabarani. Shemsa alimwamkia, akaitikiwa, akamvutia kiti. Bi Mkasi hakukaa. Alinyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu.

"Unga umeukagua, mwanangu. Nambie, mikono yangu ina nini?"

"Haina kitu, Bi Mkasi."

"Basi kawaambie."

Shemsa alisema ukaguzi haujakamilika. Alilisema akitazama vipimo vyake vya kioo, na aliposhindwa kuendelea kuvitazama akakuta yule mama ameshaificha mikono ndani ya kanga. Aliondoka bila kuaga, mtu ambaye huaga hata paka. Aibu ilimpanda Shemsa mpaka masikioni. Akajiambia arobaini haiko mbali, na akaendelea na kazi.

Idarusi naye alikuwa amepona. Midomo ilirudi kuwa midomo, akaanza kulia kwa nguvu, na Dokta Ussi akamruhusu, akamwonya Zaituni asimpe uji wa jikoni mpaka ijulikane ile nitrati imetoka wapi. Jioni Shemsa alikwenda kuwaona nyumbani. Zaituni alikuwa amekaa kitandani amechoka na anacheka, akampakata Shemsa mtoto bila kuuliza kama anamtaka. Mtoto alikuwa na joto la kawaida na harufu ya sabuni. Alimshika Shemsa kidole akakivuta mdomoni.

Zaituni aliinama, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli yanayosemwa kuhusu Bi Mkasi.

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi hapo. Shemsa aliuona. Alijibu kwamba watu husema mengi, kwamba yeye ampe mtoto ziwa kwa sasa, amnyonyeshe tu.

"Ziwa gani, dada?" Zaituni alisema akicheka. "Hili? Anavuta mpaka ananikasirikia."

Shemsa aliahidi kumletea asubuhi unga wa zamani, uliovunwa kabla ya msiba. Kisha, kana kwamba limemjia tu, akauliza kama ule mfuko wa sadaka umerudishwa. Zaituni akasema ataurudisha. Alisema kwa haraka, akiangalia rafu iliyo juu ya kitanda, ambako mfuko ulikuwa umewekwa pamoja na msahafu, kwa sababu ulikuwa baraka ya mwisho kutoka kwa mama aliyemlea. Shemsa aliuona mfuko. Kumwambia autoe sasa hivi kungehitaji sababu, na sababu ndiyo aliyokuwa ameahidi kutoisema. Akambusu mtoto utosini akaaga.

*

Asubuhi alikuwa akijaza unga wa zamani kwenye mfuko safi wakati magurudumu ya majarubani yaliponyamaza.

Hakuna aliyezaliwa Ukutani asiyejua maana ya ukimya ule. Shemsa alibaki ameshika kijiko hewani. Kisha akatoka na mfuko mkononi, akatembea hadi nyumba ya Zaituni, na watu waliosimama nje wakampisha, kwa kuwa alikuwa ndugu wa marehemu.

Dokta Ussi alikuwa kizingitini. Alimwambia bila kumtazama. Mtoto alishinda na njaa, mama akaona si vyema kumlaza hivyo. Uji wa jikoni alikatazwa, basi akapika wa kwake. Aliosha mikono kwa maji ya kunywa. Alichemsha mpaka ukakaribia kuungua, ili uchafu wowote ufe. Mtoto aliumaliza, akaongezwa.

"Kuchemsha hakuondoi kitu," Dokta Ussi alisema. "Kunazidisha, maji yakipungua. Wewe unajua."

Shemsa alijua. Aliingia ndani akakaa na wanawake wenzake, na hakuna aliyemwuliza mbona halii.

Idarusi alizikwa baada ya adhuhuri. Wanaume waliporudi makaburini, wanawake walianza kuinuka mmoja mmoja, na Shemsa akasikia ndoo zikigongana uani. Zaituni ndiye aliyetangulia. Walimwambia akae, mfiwa hatoki, yeye akawaambia maji ya mwanawe atayamimina mwenyewe. Alijitwisha ndoo iliyojaa hadi ukingoni, akatoka, na nyuma yake mtaa mzima, maana nani asingemtolea maji mtoto?

Shemsa alipita njia ya nyuma, akatembea upesi, mwisho akakimbia. Jaruba la Mbegu lilikuwa limetulia kabisa, kijani chake hakina hata mkunjo. Sheha Faki alikuwa tayari amesimama pale na kofia yake ya msibani. Walitazamana. Sheha alikuwa amekwisha kuelewa Shemsa anataka kufanya nini, kwa sababu alisema jina lake mara moja tu, taratibu, kama mtu anayeomba.

Shemsa akaiendea swichi akawasha gurudumu.

Katika miaka yote ya Ukutani hakuna aliyewasha gurudumu siku ya maiti. Lililia kwa kutu, likazunguka, maji yakachafuka. Foleni ilisimama. Mwanamke mmoja alipiga kelele kumwuliza kama ana wazimu. Shemsa alijiweka kati ya jaruba na Zaituni, akatandaza mikono.

"Msimimine," alisema. "Nisikilizeni kwanza. Maji mliyomtolea mama yangu ndiyo yaliyoharibu unga wa watoto. Si jiko. Si mikono ya Bi Mkasi, Bi Mkasi hana kosa lolote. Maji matamu yalikaa juu, mwani ukashindwa kufanya kazi, tukauengua hivyo hivyo tukawapa watoto. Nyie mlitoa kwa moyo safi. Mwenye kusimamia majaruba ni mimi, na ilinipasa nijue."

Alieleza na mengine, jinsi kipimo kilivyo chini, jinsi magurudumu yalivyosimama, na hakujua ni nani aliyekuwa akimfuata, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa mtu mmoja. Zaituni aliitua ndoo chini. Alikuwa mtulivu.

"Maji yangu?" aliuliza.

"Yako, na ya watu wote."

"Na unga wa mfukoni, niliompikia jana?"

"Ndio huo huo."

Gurudumu liliendelea kuzunguka. Watu wa nyuma waliwauliza wa mbele nini kimesemwa, wakaambiwa, na sauti ya kulia ikaanza huko mwisho wa foleni, mahali walipokuwa wale mama wawili wengine.

"Ulijua lini?" Zaituni aliuliza.

Shemsa angeweza kuchagua jibu. Sheha alikuwa pale, angemwunga mkono kwa lolote.

"Kabla hujamtoa hospitali," alisema.

"Jana ulikaa kitandani kwangu, ukampakata."

"Nilimpakata."

Mtu mmoja katika kundi alilitaja jina la Bi Kazija, na hakulitaja kwa wema. Mwingine akamkanya. Shemsa alilisikia, likamwingia pale alipojua litamwingia, na akasimama nalo. Zaituni aliinama akainyanyua ndoo. Wengi walidhani anataka kummwagia dada yake, na Shemsa mwenyewe alidhani hivyo, akafumba macho, na kwa kweli angeshukuru.

Alipofumbua aliona mgongo wake. Zaituni alikuwa akirudi alikotoka, watu wakimpisha, maji yakimmwagikia begani. Hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda hadi mlango wa Bi Mkasi, akausukuma kwa mguu kwa kuwa mikono ilikuwa juu, akaingia. Foleni haikumfuata mara moja. Watu walitazama ndoo zao kama hawajui wamezibebea nini. Kisha bibi mmoja akaondoka nayo kufuata njia ile ile, na mwingine, na wengine wakaenda makwao bila neno, na wengine walibaki wakimtazama Shemsa kwa namna ambayo atakaa nayo muda mrefu. Sheha Faki alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi.

Zaituni alirudi na ndoo tupu. Kanga ilikuwa imemlowa mbele yote. Alikuja akasimama karibu sana na Shemsa, hata wangeweza kukumbatiana, na uso wake sasa ulikuwa umelia. Akamsukumia ndoo kifuani.

"Yule mama alikuwa hana maji tangu juzi," alisema. "Na wewe kamchotee."

Shemsa akaipokea, akaenda bombani kupanga foleni nyuma ya watu wote.